Kwani aliyeishia S2 si mwenzetu?

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp la old girls, wanawake tuliosoma shule moja ya masista, ilitumwa fomu, ile ya kujaza kwa simu, ya maandalizi ya kukutana shuleni mwezi wa nane. Fomu yenyewe safi, mtu amekaa nayo kweli, jina la shule, jina la ndoa kama lipo, kazi, mji unaoishi, saizi ya tisheti, alafu namba tano inauliza umemaliza mwaka gani, S4 au S6 (kwetu Uganda sekondari ni S1 hadi S6). Na haikubali kurukwa, ukiiacha wazi inakurudisha juu na maandishi mekundu.

Nalongo akaandika kwa grupu: "Jamani, mimi hapo namba tano nibonyeze wapi?"

Kimya. Grupu la wanawake ambao asubuhi hiyohiyo walikuwa wanararuana juu ya rangi ya tisheti (bluu ya shule au nyeupe, na kama nyeupe nani atazifua) likanyamaza kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Baadaye mtu akatuma picha za vitenge anavyouza, mwingine akauliza bei, maisha yakaendelea.

Nalongo ni mama wa mapacha, ndo maana tunamwita hivo, jina lake silitaji na wanaomjua ni walewale wa grupu. Aliondoka shule tukiwa S2. Kwa hiyo kwa hesabu ya ile fomu yeye hakumaliza kitu, na mtu ambaye hakumaliza kitu hana mwaka, na asiye na mwaka mashine haimtambui. Kamati haikukusudia ubaya, najua, waliiga fomu ya chama cha shule nyingine. Lakini mimi nimeudhika na nitasema kwa nini, hata kama itanichukua maneno mengi.

Kwanza mjue nimetokea wapi. Mimi mtoto wa laini za polisi Tororo, baba alikuwa afande, mama mtu wa Busia upande wa Kenya, nyumbani Kiswahili tangu tunazaliwa manake pale laini jirani huyu Mteso, yule Mlugbara, yule Mnubi wa Bombo, mkitaka kugombana vizuri mnahitaji lugha moja. Nikapelekwa shule ya masista, huku huku mashariki, juu ya kilima, na sanduku la bati lililoandikwa jina kwa rangi nyeupe, godoro limefungwa kamba, jerikeni, slasha, ufagio, rimu mbili za karatasi. Waganda wote mliosoma shule ya bweni mnaijua hiyo orodha. Baba alinishusha getini akanipigia saluti mbele ya watu, nikataka ardhi inimeze.

Siku ya kwanza ofisini sista alifungua daftari kubwa lenye gamba gumu, akaandika jina langu, jina la parokia, na akanipa namba. Hiyo namba unaishona kwa uzi mwekundu kwenye kila kitu, sketi, shuka, taulo, hadi chupi, usipoishona nguo zako zikipotea kwenye kamba za kuanikia hakuna wa kumlilia. Muulize mwanamke yeyote aliyepita pale namba yake ilikuwa ngapi. Anaweza kuwa amesahau namba ya gari lake lakini hiyo atakutajia akiwa usingizini.

Na huo mwaka wa kwanza, hiyo S1, ndo kila kitu kilitengenezwa hapo. Mtu akiniambia tulikuwa marafiki S4 mi nacheka, S4 kila mtu alikuwa na kitabu chake cha kemia na wasiwasi wake wa mitihani ya UNEB, hakuna rafiki hapo. Urafiki ni S1, mnapolia usiku domi nzima, bweni lote, mmoja anaanza, wa pili anadaka, hadi matroni anakuja na tochi. Ni mama wa shule, yule dada wa S3 unayepewa akufundishe kutandika kitanda na kumwibia maji mtu bila kukamatwa. Ni uji wa saa nne, posho (ugali) na maharage yenye wadudu ambao tuliwaita protini, nyama ya Jumapili kipande kimoja kinachoelea. Ni rozari ya mwezi wa kumi mnazunguka groto gizani mmeshika mishumaa na wa nyuma anamchomea wa mbele nywele. Ni YCS na Legio, vyama vya Wakatoliki, ni kwaya ambayo mi niliingia ili nikae karibu na dirisha.

Nalongo alikuwa kitanda cha chini, mi cha juu. Naye wa Busia, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chetu, tunanong'ona baada ya taa kuzimwa, kwa sababu mchana ukikamatwa unaongea lugha yoyote isiyo Kiingereza unavishwa kibao shingoni hadi umpate mwingine wa kumvisha. Na Kiswahili kilikuwa na laana yake ya ziada, wenzetu wa upande wa Kampala walikiona ni lugha ya wanajeshi na wezi, wazazi wao walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Amin na hawakukisikia kwa upole. Nalongo hakujali. Alifundisha domi nzima kuhesabu, kutongoza, na kutukana, kwa mpangilio huo. Leo serikali imekigeuza kuwa somo, mtaala mpya wa 2020 umekiweka lazima S1 na S2, Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe lazima tangu msingi, na shule yetu hiyohiyo ya kibao imetuandikia old girls barua ikiomba vitabu vya Kiswahili na mwalimu kama tunamjua. Banange. Mwalimu mlikuwa naye, mkamfungia sanduku.

Ilikuwaje? Ilikuwa kama ilivyokuwa kwa wengi. Tunafungua muhula, tunapangwa mstari sikubei, chumba cha wagonjwa, nesi anabonyeza tumbo mmoja baada ya mwingine, sisi watoto wa miaka kumi na nne tunacheka kwa sababu ya kutekenywa. Nesi akifika kwa mtu akabonyeza mara ya pili, kicheko kinakatika. Jioni sanduku la Nalongo lilikuwa getini. Hakuna aliyetuambia kitu, hatukuambiwa tusimtaje wala tumtaje, kitanda kikapewa mtu mwingine na asubuhi tukaimba Salamu Maria kama kawaida. Sisemi hivi kuwachongea masista wetu, wakati ule kila shule nchini, ya Kanisa au ya serikali, ilifanya vilevile, na wazazi ndo walikuwa wa kwanza kudai ifanywe.

Na si mimba peke yake. Kuna waliokwama ada, mtu anarudishwa katikati ya muhula akalete salio na harudi. Kuna aliyefiwa na baba na mjomba akauza ng'ombe wa ada. Kuna walioolewa likizo. Kuna aliyehama tu kwa sababu baba askari alihamishiwa Moroto. Tulioingia S1 na tuliofanya UCE, mtihani wa S4, si watu walewale, ukiweka picha mbili pamoja unaona.

Sasa njoo kwenye huu uoldgirl wetu. Nitasema ukweli, unafanya kazi. Mtu anayewadharau akina mama wa shule za masista hajawahi kuhitaji damu hospitali ya Nsambya, Kampala, saa nane usiku. Mmoja wetu ni nesi pale, na ile hospitali yenyewe ilianzishwa na masista wa Mother Kevin, yule Mwairishi aliyefika Nsambya Januari 1903 na wenzake watano, unamwandikia tu "nina mgonjwa" na namba yako ya shule, anashuka ngazi kukupokea. Tunapeana kazi, tunapeana wapangaji, tunapeana mahausigeli (ingawa hapa pameshatokea vita viwili). Harusi ikiwa ya mwenzetu, siku ya kwanjula, ya kumtambulisha bwana nyumbani, tunajaza upande mzima na magomesi, yale magauni marefu, na hilo gomesi lenyewe wanasema lilianza kama yunifomu ya shule ya wasichana, ila ni Gayaza, ya Waprotestanti, kwa hiyo hapo tusijidai sana. Tarehe 3 Juni Namugongo kila kundi lina mti wake, mnamaliza misa mnakutana hapo na chapati, wengine wametembea siku kadhaa na dayosisi zao, miguu imevimba, na sista mstaafu anapita anawagusa vichwa mmoja mmoja kama mko bado S1.

Lakini kuna old girls wa meza na old girls wa sufuria.

Wa meza ni wale wa dina ya hoteli Kampala. Nimeenda, chakula kizuri, nimerudi na mfuko wenye nembo. Pale kuna hotuba, na kila mwaka hotuba ni ileile, tunatajiwa wanawake wakubwa waliotoka shule za masista. Wa shule ya Namagunga wanamtaja Specioza Kazibwe, makamu wa rais wa Uganda tangu 1994 hadi 2003, na Winnie Byanyima anayeongoza UNAIDS, na wana haki, hata mi ningekuwa wa Namagunga ningewataja kwa konda wa taxi. Sisi tunao wetu wadogo wadogo, jaji mmoja, meneja wa benki, tunawapigia makofi. Ni sawa, watoto walio shuleni wanahitaji kuona mtu amefika mahali.

Wa sufuria ni hivi. Mama yangu alipofariki, Tororo, kamati ya Kampala ilituma shada kubwa lenye utepe wa rangi za shule, na mabugo, pesa za rambirambi, kwa simu, tena si kidogo, nashukuru mpaka leo. Ila nilipotoka nje alfajiri nikiwa sijui hata maji ya chai yatatoka wapi, nilikuta pikapu imeshusha masufuria, magunia mawili ya mkaa na wanawake wa soko la Busia, na Nalongo ameshafunga leso kiunoni anauliza kuni ziwekwe wapi. Hakuna aliyempigia simu. Aliona tangazo kwa grupu. Alikaa mpaka matanga yakaisha, akaosha masufuria ya watu, akaondoka. Kwenye kitabu cha wageni sehemu ya "uhusiano" aliandika mwanafunzi mwenzake.

Huyo ndo mashine inamuuliza alimaliza lini.

Watu wa historia mnisaidie hapa. Huyo Mother Kevin, ambaye mwaka 1923 alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko pale Nkokonjeru ili wasichana wa hapa wawe watawa kwao wenyewe, na ambaye kwa mikono yake Namagunga ilianza 1942, alifia Marekani Oktoba 1957 na akapelekwa kuzikwa kwao Ireland. Wakatoliki wa Uganda wakasema hapana, huyo ni mama yetu, aletwe. Akaletwa, kaburi lake liko Nkokonjeru hadi leo. Hawa hawakuwa na kamati ya tisheti, wengi wao hata kusoma hawakusoma, ni watu waliotibiwa, waliozalishwa, waliofundishwa kushona, waliokaa darasani mwaka mmoja wakaacha. Hakuna aliyewauliza vyeti wakati wa kumdai mama yao.

Alafu Aboke. Mi siwezi kuongea habari za shule za wasichana za Kikatoliki nchi hii nikaruka Aboke. Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996, watu wamelala wametoka kusherehekea uhuru, waasi wa Kony waliingia St. Mary's kule Lango wakachukua wasichana 139. Asubuhi Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, naibu mkuu wa shule, akachukua mwalimu mmoja akafuata nyayo zao porini, kwa mguu, hadi akawafikia, akapiga magoti, akarudi na 109. Wakabaki 30. Na hao 30 waliendelea kuhesabiwa kila siku, majina yao yalibebwa na wazazi hadi kwa Papa na hadi Umoja wa Mataifa. Mama mmoja wa Lira, Angelina Atyam, mkunga, bintiye alikuwa miongoni mwao, aliahidiwa kurudishiwa wake akinyamaza. Akasema wote au basi. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ukampa tuzo ya haki za binadamu. Wengine wa wale wasichana walirudi baada ya miaka mingi wakiwa na watoto mgongoni, wengine hawakurudi kabisa. Sasa mtu aje awaambie hao mwaka wa kumaliza ni upi.

Najua si sawasawa, kutekwa na kufukuzwa. Ninachosema ni kwamba ile hesabu ilianzia domitori, nani alilala humu, nani hayupo.

Basi nikaandika kwa grupu. Nikapendekeza namba tano ifutwe, iwekwe namba ya shule, ile ya kushonwa, kwa sababu kila aliyeingia alipewa na hakuna aliyenyang'anywa. Nikawasha moto.

Mmoja, naye rafiki yangu, ni daktari, akasema tukiwaita wote tunawafundisha wasichana wa sasa kwamba kupata mimba si kitu. Nikamjibu wasichana wa sasa, wengi wao, walikaa nyumbani sehemu kubwa ya muda tangu Machi 2020 hadi Januari 2022 shule zimefungwa kwa korona, wakaona wenyewe nini kinatokea, hawahitaji sisi tuwafundishe, na mwongozo wa wizara ya elimu wa 2020 unasema aliyejifungua arudi shule, sasa kama wizara inamrudisha darasani sisi tunamkatalia tisheti? Mwingine akauliza je aliyefukuzwa kwa kuiba. Nikasema na huyo pia, tena huyo aniombe radhi yeye mwenyewe, taulo langu ndo aliiba. Mwingine akaandika "chama ni cha waliohitimu, katiba kifungu cha tatu". Huyu alikuwa hedigeli, kiranja mkuu wetu. Hajabadilika.

Mabishano yakaenda siku mbili, watu wakaanza kuhama kwenda kutumiana faragha, na hapo ndo nikampigia Sista, yule wa daftari. Ni mzee sasa, yuko nyumba ya wastaafu wa shirika lao, anasikia vizuri upande wa kushoto tu. Nikamwamkia, nikamweleza polepole, akanyamaza nikadhani laini imekatika. Alafu akasema kwa Kiingereza chake kilekile cha kibao, nawawekea kwa Kiswahili: "Mwanangu, rejista niliyokuwa nayo ofisini ni ya kuingia. Ya kutoka hatukuwahi kuwa nayo." Akaniuliza Nalongo ana watoto wangapi. Nikamwambia sita na wajukuu. Akauliza kama bado anaimba alto. Yaani amekumbuka sauti.

Nikarekodi ujumbe wa sauti nikamweleza kila mtu hayo. Hedigeli akaandika "noted". Fomu mpya ilitoka Jumamosi, namba tano sasa ni namba ya shule, na chini yake "mwaka ulioingia". Nalongo alikuwa wa tatu kujaza, akaongeza kwamba pikapu yake inaweza kubeba viti na masufuria ya kupikia siku hiyo, na kwamba tisheti anataka saizi kubwa kabisa na isiwe nyeupe.

Kwa hiyo sasa tunatafuta watu, na mnisaidie kusambaza. Tunamtafuta kipa wa netiboli mrefu aliyetoka Arua, aliondoka S3, tulisikia yuko Koboko anauza vitambaa. Tunawatafuta dada wawili wa Soroti waliokuja na sanduku moja. Yule wa Moroto, binti wa askari, aliyehama kabla ya Pasaka. Yule aliyekuwa anaogopa groto usiku na tukamwita Fatima, jina lake halisi limetushinda kabisa. Na mwenye taulo langu, akisoma hapa, aje, kesi imefutwa. Kama uliingia S1 na sisi, hata ukakaa muhula mmoja, muulize mtu yeyote wa grupu akupe fomu. Mchango si lazima. Wanaotoka Kampala wanapita Lugazi saa mbili asubuhi, wanaotoka Busia na Tororo wanapanda pikapu ya Nalongo, mbele kuna nafasi mbili, moja nimeshaichukua.